Mzigo Ulio Himilivu

Katika mambo yanayomhusu raia hakuna lililo karibu na mfuko wake na mbali na masikio yake kama deni la taifa. Kodi huijua, kwa kuwa humfika mlangoni. Bei huijua, kwa kuwa humfika jikoni. Lakini deni hulisikia mara moja kwa mwaka, mwezi wa Juni, katika hotuba ya bajeti, nalo hupita upesi likiwa limevikwa neno moja la heshima: himilivu. Waziri husema kuwa deni ni himilivu, wabunge hupiga meza, magazeti huandika, na taifa hulala usingizi. Makala haya yanalilenga neno hilo. Hayalilengi kwa kuwa ni neno baya. Yanalilenga kwa kuwa ni neno zuri lililotengwa na jamaa zake.

Himilivu hutokana na himili, na kuhimili ni kubeba kitu kizito bila ya kuanguka. Mhimili ni boriti ibebayo dari. Hamali ni mtu abebaye mizigo ya wengine kwa ujira. Maneno haya matatu ni watoto wa shina moja la Kiarabu, na hakuna hata moja kati yao linaloweza kusimama bila ya mbebaji. Dari haihimiliwi na hewa, wala gunia halipandi melini lenyewe. Basi asemaye kuwa deni ni himilivu amesema nusu ya sentensi. Amesema kuwa mzigo unabebeka. Hakusema mbebaji ni nani, atabeba mpaka lini, na kama aliulizwa kabla ya gunia kutuliwa mgongoni pake. Wahenga walikwisha kuliona jambo hili waliposema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Apimaye uzito wa mzigo kwa macho, naye mikono yake mitupu, aghalabu huuona mwepesi.

Mbebaji ni nani? Na atafutwe mahali ambapo wataalamu wa hesabu hawana desturi ya kumtafuta. Mashariki ya Mlima Meru, katika wilaya iliyo jirani na jiji la Arusha, pana Momela. Wageni hupajua kwa maziwa yake yenye rangi mbalimbali, kwa heroe wanaosimama majini kwa maelfu, na kwa lango la Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Wenyeji hupajua kwa sababu nyingine. Maji ni mengi, lakini maji ya maziwa hayo ni ya magadi, na floraidi iliyomo huhesabiwa kwa mamia ya miligramu katika lita moja, hali kipimo kinachokubaliwa kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5. Hata baadhi ya mito na chemchemi za upande ule zina floraidi iliyopita kiasi, kwa sababu ya miamba ya volkano ambamo maji hupita. Ndiyo maana meno ya watoto wengi wa Ngarenanyuki na vijiji vya jirani huwa ya kahawia, na wengine miguu yao hupinda kabla hawajajua kusoma. Serikali ilijenga kituo cha utafiti pale Ngurdoto, ambako mifupa iliyochomwa hutumiwa kuyachuja maji.

Katika nchi hiyo yumo mkulima wa nyanya na vitunguu. Hulima kwa maji ya mfereji, hupakia makasha yake katika gari, hushuka mpaka soko la Tengeru au Kilombero, huuza, hurudi. Mtu huyu hana faili katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato. Kwa sababu hiyo husemwa, tena husemwa na watu waliosoma, kwamba wakulima hawalipi kodi. Kwamba walipa kodi wa nchi ni wachache, na wengine wote ni abiria wasiokata tiketi. Huu ni uongo uliovaa kanzu ya takwimu. Na ahesabiwe mkulima huyo kwa siku moja tu. Gari lililobeba nyanya lilijazwa dizeli, na katika kila lita ya dizeli mna ushuru na tozo, zikiwamo shilingi 100 zilizoongezwa mwaka 2023. Sokoni alitoa ushuru wa soko. Sabuni na bati alivyonunua dukani vilikwisha kukatwa kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanza mwaka 1998 kwa 20 kwa mia na kushushwa mwaka 2009 hadi 18 kwa mia. Kama nyumba yake ina umeme, kodi ya jengo humkata kila mwezi anaponunua umeme: shilingi 1,000 tangu Agosti 2021, kisha 1,500 tangu mwaka 2023. Tangu tarehe 15 Julai 2021, mwanawe alipomtumia fedha kwa simu kutoka mjini, tozo ilidondoa kichwa chake, na alipozitoa ikadondoa mkia. Tozo ya kutuma iliondolewa mwaka 2023 baada ya malalamiko mengi. Ya kutoa ikaachwa.

Mkulima huyo, basi, ni mlipa kodi asiyeitwa mlipa kodi. Hulipa kama anavyopumua, bila ya stakabadhi na bila ya shukrani. Tajiri akilipa, jina lake husomwa katika sherehe na kupewa cheti. Mnyonge akilipa, huambiwa kuwa uchumi unahitaji kupanua wigo wa walipa kodi, kana kwamba yeye yu nje ya wigo.

Hapa ndipo deni linapokutana na kodi, na hapa ndipo ukweli unapofichwa kwa bidii kubwa. Serikali haina shamba. Haina kitu cha kulipia deni ila kodi, na yale machache yatokanayo na mali ya umma. Kwa hiyo kila shilingi inayokopwa leo ni kodi iliyotangazwa leo na kuwekewa tarehe ya kesho. Kodi ya leo humkuta mtu aliye hai, mwenye kura na mwenye ulimi. Kodi ya kesho, yaani deni, humkuta mtoto wa kijijini Momela ambaye hajaota meno, na meno yenyewe yatakuwa ya kahawia. Kukopa harusi, kulipa matanga. Na katika deni la taifa wala harusi na wenye matanga aghalabu si watu wamoja.

Sasa na itazamwe sheria. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 138, inasema kwa maana iliyo wazi kwamba kodi yoyote haitatozwa ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Hilo ni jambo tukufu. Walakini mkopo una mlango wake mwingine. Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali ya mwaka 1974 inampa Waziri wa Fedha mamlaka ya kukopa kwa niaba ya nchi. Ni kweli kwamba Bunge hupitisha jumla ya fedha zitakazokopwa katika bajeti ya mwaka. Lakini jumla si mkataba. Jumla haisemi riba, haisemi fedha za nchi gani, haisemi muda, haisemi kitakachotokea kama mradi utalala. Ikiwa kodi ya leo haiwezi kumgusa raia mpaka wawakilishi wake wameijadili kifungu kwa kifungu, kwa hoja gani kodi ya kesho impitie mlango wa nyuma kwa saini ya mtu mmoja? Mwizi na mgeni hupambanuliwa kwa mlango wanaoingilia. Mkopo si mwizi. Basi na uingie kwa mlango wa mbele.

Mlima Meru umeona kodi za namna nyingi, na historia yake yatosha kuwa mwalimu. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba katika koloni lao mwaka 1898, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa jasho. Waingereza wakaja na kodi ya kichwa pamoja na ya nyumba. Mwezi wa Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Ngarenanyuki ili pafanywe malisho ya walowezi. Walikuwa walipa kodi wote. Kodi yao haikuwanunulia hata haki ya kuulizwa. Ndipo walipofanya jambo lisilosahaulika. Walichanga fedha zao wenyewe, wakampeleka Kirilo Japhet New York, naye mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuidai ardhi. Haki haikupatikana mwaka ule. Lakini katika fedha zile za mchango mlikuwamo jambo ambalo hapakuwa na serikali iliyolitia katika kodi: kila mtoaji alijua anatoa kwa ajili gani, fedha zake zinakwenda na nani, na nani atarudi kutoa habari. Lugha yenyewe inajua tofauti hiyo. Kuchanga ni tendo la mtu mwenye hiari. Kutoza ni kumfanya mtu atoe. Serikali ya watu huru hukusanya kodi iliyo karibu na mchango. Serikali iliyojisahau hukusanya tozo tu.

Miaka kumi na mitano baadaye, tarehe 5 Februari 1967, Azimio la Arusha lilitangazwa. Watu hulikumbuka kwa kutaifishwa kwa mabenki. Hulisahau kwa onyo lake juu ya fedha. Azimio lilionya kwamba mikopo inaweza kuuhatarisha uhuru, na likaeleza jambo ambalo hotuba za siku hizi hulikwepa: mikopo hutumiwa zaidi mijini, lakini hulipwa kwa mazao ya wakulima wa vijijini. Onyo hilo halikuwaokoa walioliandika. Baada ya bei ya mafuta kupanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nchi ilizama katika madeni. Mwaka 1980 wajumbe wa Kusini na Kaskazini walikutana katika mji uleule wa Arusha kuudai utaratibu mpya wa fedha duniani. Utaratibu haukubadilika, aliyebadilika ni mdaiwa. Mwaka 1986 Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika miaka iliyofuata mzazi akaanza kuchangia shule na mgonjwa akaanza kuchangia dawa. Ilipofika Novemba 2001, baada ya safari ndefu ya masharti, nchi ilihitimu kusamehewa sehemu kubwa ya madeni yake. Na katika mwaka huohuo ada ya shule za msingi iliondolewa. Watoto waliokuwa nyumbani wakamiminika madarasani. Ni ushahidi gani mwingine unaohitajika? Deni na dawati la mtoto vilikuwa katika mizani moja. Kimoja kiliposhuka, kingine kilipanda.

Watetezi wa mikopo wana hoja, na si haki kuzipita. Husema kwamba hapana nchi isiyokopa. Kwamba reli, bandari na umeme haviwezi kungoja mpaka kodi itoshe. Na kwamba mtoto atakayelipa ndiye atakayefaidi. Hoja hii ni ya kweli pale inapokuwa ya kweli. Mradi mkubwa wa maji wa Arusha, ambao gharama yake ilitajwa kuwa yapata shilingi bilioni 520, ulitokana na mkopo ambao Benki ya Maendeleo ya Afrika iliupitisha mwaka 2015, na mojawapo ya makusudi yake ni kuwapatia watu maji yenye floraidi kidogo. Mtu aliyeona miguu ya watoto wa Meru hawezi kuulaani mkopo wa namna hiyo. Mkopo unaonyoosha mfupa wa mtoto una haki ya kumdai mtoto huyo akiwa mtu mzima. Lakini huo ndio msumari wa hoja yenyewe: mkopo huo una jina, una mahali, una bomba linaloweza kuguswa kwa mkono. Mwana Arusha anaweza kuuliza kama maji yametoka au hayakutoka. Mkopo uliozama katika jumla kuu hauulizwi na mtu, kwa sababu hauonekani na mtu.

Hoja ya pili ya watetezi ni kipimo. Husema kwamba thamani ya sasa ya deni ikilinganishwa na Pato la Taifa iko chini ya ukomo wa 55 kwa mia, basi hapana hofu. Hesabu hiyo si ya uongo, ila ni ya mahali pengine. Deni halilipwi kwa Pato la Taifa. Pato la Taifa ni jumla ya jasho la watu wote, pamoja na nyanya zilizoozea njiani kabla ya kufika Tengeru. Deni hulipwa kwa kodi, na kodi inayokusanywa ni yapata 12 au 13 tu kwa mia ya pato hilo. Wataalamu wanavyo vipimo vingine vinavyolilinganisha deni na mapato ya serikali, nao wanavitumia. Lakini majukwaani husomwa kile kinachotuliza. Mtu anayedaiwa hapimwi kwa utajiri wa ukoo wake. Hupimwa kwa kilichomo mfukoni mwake siku ya kulipa.

Tena lipo suala la sarafu. Marekani inadaiwa zaidi ya dola trilioni 36, na wapo wanaoutaja mfano huo kujifariji. Marekani hudaiwa dola, nayo ndiyo mwenye dola. Hata hivyo Bunge lao limeweka kikomo cha deni kwa sheria tangu mwaka 1917, na kila kinapofikiwa hapana budi kugombana hadharani. Sehemu kubwa ya deni la Tanzania ni la nje, na mkulima wa Momela hauzi nyanya kwa dola. Mwaka 2022 dola moja ilipatikana kwa takriban shilingi 2,300. Katikati ya mwaka 2024 ilikuwa imepita 2,600. Mzigo uliongezeka uzito hali mbebaji amesimama palepale, na hapana mkopo mpya uliotiwa saini kwa ajili ya nyongeza hiyo.

Mwishoni mwa Desemba 2021, jijini Dodoma, Spika wa Bunge, Job Ndugai, ambaye sasa ni marehemu, alihoji hadharani mwendo wa mikopo. Deni lililotajwa lilikuwa yapata shilingi trilioni 70. Yeye aliona heri watu wabanane kwa tozo zao wenyewe kuliko kuendelea kukopa. Rais Samia Suluhu Hassan akajibu tarehe 4 Januari 2022, akiitetea mikopo, ukiwamo ule wa shilingi trilioni 1.3 wa Shirika la Fedha la Kimataifa ambao ulijenga madarasa 15,000. Tarehe 6 Januari Spika akajiuzulu. Madarasa yalikuwa ya kweli, na swali lilikuwa la kweli. Tozo aliyoisifu Spika ilikuwa ikimkwangua mnyonge kuliko tajiri. Mikopo aliyoitetea Rais ilikuwa na mabati na matofali ya kuonyeshwa. Palikuwa na mjadala mzuri kabisa pale, wa kufundishia taifa zima namna kodi na deni vinavyohusiana. Badala yake nchi ilijadili nani atoke na nani abaki. Mtu aliondoka, na swali likaondoka naye. Deni halikuondoka: ilipofika Machi 2025, deni la Serikali lilikuwa limepita shilingi trilioni 100, ambazo zikigawanywa kwa watu waliohesabiwa katika sensa ya 2022, waliokuwa zaidi ya milioni 61, kila kichwa, cha mzee na cha kitoto kichanga, hubeba zaidi ya milioni moja na nusu.

Swali lisilojibiwa kwa mdomo hujibiwa kwa miguu. Jirani wa Kenya walilipata jibu hilo mwezi wa Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kuupinga Muswada wa Fedha, wakaingia mpaka ndani ya Bunge tarehe 25, na makumi ya watu wakapoteza maisha. Siku iliyofuata Rais William Ruto akakataa kuutia saini. Waliopiga kelele walitaja kodi, lakini kilichoizaa kodi ile kilikuwa deni, na deni lile lilikopwa wakati wengi wao walikuwa wanafunzi wa shule. Waliitwa kulipa karamu ambayo hawakuonja hata mfupa wake. Hapana mtu mwema anayetaka njia hiyo. Na anayeitaka njia nyingine hana budi kuifungua mapema.

Njia hiyo si ya miujiza. Kila mkataba wa mkopo na ufikishwe Bungeni kabla ya saini, pamoja na jina lake, kazi yake, riba yake, sarafu yake na mwaka wa kulipwa kwake. Na uandikwe kwa Kiswahili. Mikataba ya mikopo ya nje huandikwa kwa lugha za kigeni, na muhtasari unaomfikia raia kwa lugha yake huwa ni lile neno moja, himilivu. Nchi iliyoweza kuendesha mahakama zake za mwanzo kwa Kiswahili, na ambayo Bunge lake hugombana kwa Kiswahili, haishindwi kumweleza mwenye nchi kwa Kiswahili kile anachodaiwa. Ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji kule Ngarenanyuki una nafasi ya kutosha kwa karatasi moja isemayo: fedha hizi zimekopwa, zimefanya hivi, mtazilipa hivi. Na kodi ya kulipia madeni na itafutwe kwanza kwa wenye misamaha minono na mali zisizohesabiwa, kabla ya kutafutwa katika lita ya dizeli na katika fedha ambazo mwana amemtumia mama yake.

Watasema kuwa mambo haya ni ya wataalamu na kwamba mkulima hawezi kuyafahamu. Hayo ndiyo yaliyosemwa juu ya Wameru mwaka 1951. Na waliosemwa hivyo walipata wakili, walipata msemaji, na walipata nauli ya kuvuka bahari. Anayeweza kulipa deni anaweza kulifahamu. Asiyetaka afahamu, huyo ndiye wa kuulizwa sababu. Mpaka hapo, kila waziri atakaposimama na kusema kwamba deni ni himilivu, raia na amwongezee sehemu ya sentensi aliyoiacha: ni himilivu kwa mgongo wa nani, na kwa ruhusa yake ipi?